Kurasa Zisizotazamana

Aboth wa Rubongi aliiogopa heri kuliko shari. Shari alishaizoea. Alimzika mume, akalea binti peke yake, akajenga upya jiko lake mara mbili baada ya upepo kuliezua paa, na katika yote hayo hakutetemeka. Lakini heri ilipobisha hodi, aliichungulia kwanza dirishani aone imekuja na nani. Kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba picha yake itatiwa kwenye kitabu, alifunga mdomo. Hakumwambia jirani yake Babra mwenye saluni, wala shemeji yake Opendi, wala Joanita, binti yake wa pekee aliyekuwa akifanya kazi katika duka la vitenge Busia na ambaye miezi kadhaa hakuwa amekanyaga nyumbani. Nikisema tu, aliwaza, kitaharibika.

Alistahili kitabu hicho, na mtu asinibishie. Miaka thelathini alikuwa akichora watu. Mumewe, marehemu Ofwono, alikuwa mwandishi wa vibao, hodari wa herufi, lakini uso ulimshinda. Siku moja mwenye saluni alitaka kichwa cha mwanamke aliyesukwa vizuri, Ofwono akahangaika kutwa nzima akatoa kitu kama kiazi. Aboth, aliyekuwa chini akishika ngazi, akamwambia ashuke. Tangu siku hiyo herufi zikawa za Ofwono na watu wakawa wa Aboth. Alichora vichwa vya saluni na ng'ombe wa mabucha. Askari wa kambini walimletea picha za pasipoti awachoree wake zao waliobaki mbali. Na penye msiba, watu walimletea picha ndogo ya marehemu, imekunjika, imeliwa na maji, naye akaikuza kwenye ubao ikawekwa karibu na jeneza. Nusu ya waliozikwa kati ya Rubongi na mjini Tororo, Aboth alizijua pua zao.

Na jina lake je? Aliliandika pembeni, dogo kama mdudu. Mwenye bucha mmoja alimwomba alifute apate nafasi ya kuweka namba ya simu. Akalifuta.

Sasa Felistus, mama mmoja wa upande wa Kenya aliyegeuza ghala la zamani la mahindi pale Busia kuwa ukumbi wa picha, alikuwa akiandaa maonyesho ya wachoraji wa mpakani, wale wanaochora watu. Wachoraji kumi na wawili, jozi sita. Katika kitabu cha maonyesho kila jozi ingepewa kurasa mbili, huyu kushoto na yule kulia, na maneno machache ya kueleza kwa nini wamewekwa pamoja. Aboth alipewa mwenzake: Ebong, Mteso wa Busia, kijana wa miaka thelathini na kitu. Hawakuwa wamewahi kuonana. Felistus alitaka kila mmoja achore uso wake mwenyewe, na ni Aboth mwenyewe, kwa kinywa chake mwenyewe, aliyetoa shauri kwenye simu.

"Weka sisi tuangaliane," alisema. "Mimi naangalia yeye, yeye naangalia mimi. Kama watu nakaa naongea."

Felistus alipiga makofi mpaka simu ikakwaruza. Ukitaka kujua Aboth alijichimbia shimo wapi, ni hapo.

Jumatatu hiyo alifika Busia saa nne asubuhi, picha yake ameifunga kwa leso mbili, ameibeba kifuani kama mtoto mwenye homa. Felistus, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni, alimpokea mlangoni akaifungua leso papo hapo.

"Aki mama Aboth, hii ni moto! Ona hayo macho. Hebu kuja uone vile mtakaa."

Juu ya meza zilikuwapo karatasi za majaribio. Ukurasa wa kumi na nne uliachwa wazi, ukimngoja yeye. Ukurasa wa kumi na tano alikuwapo Ebong tayari: kijana mwembamba, ndevu hazijaamua kuota au kutoota, macho makubwa yenye usingizi kidogo, yanatazama kushoto moja kwa moja, mahali hasa ambapo Aboth angekuwa. Aboth alimtazama muda mrefu. Shavu ndilo linalomuumbua mchoraji. Pua yeyote ataweza, lakini shavu halina mstari. Huyu mtoto, alijisemea, anajua shavu. Akampenda.

"Hiyo ingine yake iko ukutani," Felistus alisema. "Zunguka tu, mama. Mimi naongea na mtu wa kupiga chapa."

Aboth akazunguka. Alizikagua picha za Ebong kama muuguzi anavyokagua wodi, mikono kwanza, halafu shingo. Palikuwa na wanaume wa Tiira wanatoka kwenye mashimo ya dhahabu, tope mpaka kiunoni, na mmoja wao anacheka. Palikuwa na wanawake wanaosafisha udongo kwenye karai, migongo imeinama sawasawa. Miguu ndiyo iliyomshinda kijana, hasa ya wanyama. Katika picha moja alimweka ng'ombe pembeni, na miguu ya nyuma ya ng'ombe huyo ilikunjika kama ya mbwa anayetaka kuketi. Aboth alicheka peke yake. Yeye ng'ombe wa mabucha amechora mia na ushei, miguu ya nyuma anaichora huku anapiga soga.

Akafika kwenye picha ya mwisho, na kicheko kikaisha.

Mwanamke amesimama kwenye mlango wa uani, ametugeuzia mgongo. Beseni liko chini. Mkono mmoja umeshika kiuno. Mguu wa kushoto umekanyaga juu ya mguu wa kulia, vile anavyosimama mtu aliyezoea kungoja foleni bombani. Na nyuma ya goti la kushoto, mchoraji hakuuacha, palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mchanga.

Kovu hilo Aboth alilifunga kitambaa mwenyewe. Joanita alikuwa na miaka saba, amepakiwa nyuma ya baiskeli ya baba yake, mguu ukaingia kwenye spoki. Na kusimama huko kwa mguu juu ya mguu alimkataza tangu akiwa mdogo kama kuku, lakini hakuacha.

Akaendelea kutazama, maana jicho la mchoraji halina adabu, haliachi kutazama hata likiumia. Mkono ule kiunoni. Mgongo ule umerudi nyuma kidogo, kwa sababu mbele kuna mzigo. Mgongo wa mwanamke mwenye mimba Aboth hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Huyu ni nani?" aliuliza, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

Felistus aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Ni bibi ya Ebong. Msichana poa sana. Wanangoja mtoto, nafikiri imebaki miezi mitatu hivi."

Aboth alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

Kwa asiyejua mambo ya mkwe, nitayasema mara moja. Kwa Wapadhola, kina Aboth, na kwa Wateso, kina Ebong, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaangaliani usoni. Wakikutana njiani mama huvuta leso kichwani, akageuka, akampa mgongo mpaka apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakiwa na neno hulituma kwa mtu au huliambia ukuta. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, nayo ikivunjwa, wazee husema, anayeumia si mama wala mkwe, ni mtoto wa tumboni. Jirani mmoja wa Aboth, Adeke, alikutana na mkwe wake uso kwa uso kwenye foleni ya zahanati, na mjukuu akazaliwa mikono inatetemeka. Daktari alisema ni ugonjwa. Rubongi ilisema ni foleni.

Je, Aboth aliyaamini hayo? Kanisani hakuyaamini. Jikoni aliyaamini. Na miaka miwili iliyopita Joanita alipoteza mimba ya miezi minne, kwa mwanamume mwingine aliyetoweka baadaye, na Aboth ndiye aliyemwosha na kumnywesha uji. Mwanamke aliyeona hayo hafanyi majaribio na mila.

Alizitazama zile karatasi mbili mezani. Akazifunga pamoja taratibu, ukurasa juu ya ukurasa, jinsi kitabu kinavyofungwa, na akaona kitu ambacho hakukiwaza alipotoa shauri lake la busara. Kitabu kikifungwa, uso wake na uso wa Ebong zinagusana, pua kwa pua, mdomo kwa mdomo. Vitabu vilikuwa mia tatu. Mama mkwe mia tatu watalala wamebanwa usoni na wakwe mia tatu, kwenye rafu za watu, mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja atakayeweza kuvuta leso.

"Mama Felistus," alisema, "mimi naomba kitu. Toa mimi kwa hiyo ukurasa. Weka mimi na mtu ingine."

"Haiwezi, mama. Kila mtu ana mwenzake, na maneno nimeshaandika. Nani nitabadilisha?"

"Basi toa mimi kabisa."

Felistus alivaa miwani yake ili amwone vizuri. "Nikikutoa, Ebong pia anatoka. Hii kitabu ni ya jozi. Siwezi kuwa na mtu nusu. Na huyo kijana ameweka roho yake yote hapa, mama. Kuna shida gani? Ni mimi nimekosea?"

Angeweza kusema. Maneno manne tu: huyo ni mkwe wangu. Lakini mama hamtangazi mkwe ambaye hajaja. Upande wa mwanamume ndio unaokuja kusema, na mama husikia kutoka nyuma ya ukuta kama vile hakujua. Akitangulia yeye, ni sawa na kumtembeza binti sokoni. Tena amtangazie Felistus, ambaye simu yake haipoi!

"Hakuna shida," alisema.

"Sawa. Basi Alhamisi saa tano usikose. Napiga nyinyi wote picha za jalada la nyuma, jozi kwa jozi. Wewe na Ebong mtasimama bega kwa bega. Ijumaa kila kitu kinaenda kwa mtu wa chapa."

Aboth alitoka kwenye ghala lile amejitanda leso mpaka puani, jua la saa sita likiwaka, na kila kijana mwembamba mwenye ndevu za kusitasita aliyemwona barabarani alimpa mgongo. Wanaume watatu wasio na hatia walishangaa siku hiyo katika mji wa Busia.

Nyumbani hakuweza kula. Jumanne asubuhi alimpigia Joanita, akazungumza naye kwa lugha ya nyumbani.

"Usinijibu," alianza. "Sikuulizi, kwa hiyo usinijibu. Nimeona nyuma ya goti lako limetundikwa ukutani."

Upande wa pili ilisikika pumzi ya mtu anayejizuia kulia.

"Mama, alitaka kuja. Tangu mwezi wa kwanza anataka kuja. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilisema tungoje kwanza, tuone kama huyu atakaa."

"Nimesema usinijibu."

"Umeionea wapi, mama? Ulienda kufanya nini kwa Felistus?"

Ikabidi Aboth aseme kuhusu kitabu. Alisema kwa aibu, kama mtu aliyekutwa akila peke yake. Joanita alisikiliza, halafu akauliza polepole, "Yule mwenzake aliyepewa, Aboth wa Rubongi, ni wewe? Mama, kina Aboth wamejaa huko. Nilimwambia kwamba mama yangu anaandika vibao vya saluni. Ndivyo unavyosema mwenyewe siku zote."

"Ndivyo ninavyosema," Aboth alikubali.

Kila mmoja alibaki na siri yake mkononi, imeshafichuka. Mama aliificha heri yake isiharibike, binti akaificha yake kwa woga uleule. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Anakula?" Aboth aliuliza mwishowe. "Huyo wa tumboni. Anacheza?"

"Anacheza sana."

"Basi usibebe ndoo. Na picha nitaibadilisha mimi. Usimwambie mtu yeyote neno." Alijua wazi kwamba Joanita atamwambia mtu, na alijua ni nani. Akakata simu.

Aliahidi kuibadilisha, lakini kwa picha gani? Hapo ndipo alipokwama. Akichora mti, Felistus ataukataa, maana kitabu ni cha watu. Akichora mtu mwingine, si uso wake tena. Na kujiondoa hawezi, kwani atamtupa nje yule kijana, baba wa mjukuu wake. Wala tusimfanye malaika: alikitaka kitabu. Alitaka aone jina lake mahali ambapo hakuna mwenye bucha wa kuja kuomba lifutwe.

Alizunguka uani mpaka Jumatano asubuhi. Ndipo alipomwona mwanamume mmoja anapita njiani, mkwe wa jirani, na jirani akavuta leso akageuka kama kawaida. Aboth aliutazama mgongo ule wa jirani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliutazama kama picha.

Akachukua ubao, brashi na makopo, akaenda saluni kwa Babra.

"Nataka vioo viwili," alisema. "Kimoja mbele, kimoja nyuma."

Babra, aliyekuwa na kichwa cha mteja mkononi, alimtazama. "Mama Joanita, umepata bwana?"

"Nataka kuona mgongo wangu."

Saluni nzima ikacheka. Wateja wanne walikuwapo, na kila mmoja alikuwa na shauri: akae hivi, avute tumbo, avue sweta. Aboth hakuwajibu. Alisimama katikati ya vioo, akavuta leso kichwani vile mama mkwe anavyovuta, akatazama kioo cha mbele kinachoonyesha cha nyuma. Miaka hamsini na saba aliubeba mgongo huo na hakuwahi kuuona. Ulikuwa mpana kuliko alivyodhani. Bega la kulia liko chini kidogo, kwa sababu ya kubeba ngazi. Akatazama chini kabisa ya kioo, kwenye miguu, na mkono wenye brashi ukasimama.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga juu ya wa kulia.

"Tangu lini nasimama hivi?" aliuliza.

"Tangu nikujue," Babra alisema. "Wewe na Joanita. Kama korongo wawili."

Alichora siku hiyo yote na asubuhi ya Alhamisi. Saa tano, alipotakiwa Busia bega kwa bega na mkwe wake, alikuwa saluni akimalizia kisigino. Alikuwa amempigia Felistus mapema kumwambia kwamba ana malaria, na mdomo wake ukawa mchungu kwa uongo huo kama kwamba malaria yenyewe imekuja. Felistus alimlaumu, akampa pole, akamlaumu tena. Mchana Aboth aliifunga picha mpya kwa leso zilezile mbili, akampa mtu wa bodaboda aliyemwamini, na ujumbe: picha ya kwanza itolewe, hii iwekwe.

Ijumaa saa mbili asubuhi simu ililia.

"Mama Aboth, nyinyi mnataka nikufe?" Felistus alikuwa akihema. "Picha yako imefika, nitaongea juu yake baadaye. Lakini sasa Ebong! Jana hakukuja kupigwa picha. Jioni akakuja mbio, akatoa uso wake, akaenda nao. Hata ile ya bibi yake ameitoa ukutani. Simu hashiki. Saa kumi mtu wa chapa anafunga. Ulimwambia kitu?"

"Mimi? Mimi sijawahi kuona yeye," Aboth alisema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alisema kweli tupu.

Alikaa kwenye kizingiti. Basi amefanya hivyo. Yule kijana amesikia, ameona aibu, amejitoa. Amemwachia mama mkwe wake kitabu, lakini kitabu cha jozi hakina mtu nusu, na wote wawili wamepotea. Na mwanamume aliyeaibika huondoka. Aboth alimwona yule wa kwanza wa Joanita akiondoka. Alifikiria mimba ya miezi sita katika chumba cha kupanga Busia na mlango ambao mwanamume ameufunga akitoka. Alimpigia Joanita mara tano. Haikushikwa. Saa kumi ilifika ikapita, na Felistus hakupiga simu, naye Aboth hakuthubutu kumpigia.

Jumapili Joanita alituma ujumbe mfupi: yuko mzima, mtoto mzima, asijali. Mtu akikuambia usijali bila kusema kwa nini, ndipo unapoanza. Wiki mbili nzima Aboth alijali. Alichora kibao cha duka la dawa akakosea macho ya mgonjwa, akayafuta mara tatu.

Kitabu kilikuja Jumatano, kimeachwa saluni kwa Babra, ndani ya bahasha ya kaki. Babra alimletea mwenyewe, akasimama akingoja. Aboth alikiweka mapajani. Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia. Alifungua mwanzoni, akarukia katikati, akapitiliza, akarudi.

Ukurasa wa kumi na nne. Perusi Aboth, Rubongi. Jina lake lilikuwa kubwa, nene, jeusi. Chini yake mgongo wake na leso yake, na ule mguu juu ya mguu. Aliligusa jina kwa kidole kama anayepima iwapo rangi imekauka.

Halafu, polepole, kulia.

Ebong hakuwa na uso. Kwenye ukurasa wa kumi na tano palikuwa na njia ya vumbi inayopanda, mwamba wa Tororo kwa mbali, na mwanamume mwembamba anakwenda zake, mgongo kwetu, kofia ameivua ameishika mkononi. Mkono wa pili umeshika kamba. Mwisho wa kamba, mbuzi.

"Mbuzi wa nini?" Babra aliuliza akiinama. Felistus aliandika chini yake kwamba mbuzi huyo ni ishara ya biashara ya mpakani ambayo haijui forodha, na kwamba wachoraji hawa wawili, kwa kutugeuzia migongo, wanaukataa ulimwengu wa kupiga picha nyuso kila saa. Maneno mazuri sana. Hakuna hata moja lililokuwa kweli.

Aboth alicheka, kisha akafuta macho kwa leso. Kwao, mwanamume aliyeikosea heshima ya mama mkwe huleta mbuzi. Ndiyo kauli ya kwanza, kabla ya wazee, kabla ya maneno. Kijana hakukimbia. Kwenye kitabu, mbele ya watu wote wa Busia wasioelewa kitu, alikuwa ameshika njia ya kwenda Rubongi.

Alikifunga kitabu. Ndani yake mgongo uligusa mgongo, wote wameridhika.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tisa mchana, Aboth alisikia mlio wa mbuzi barabarani. Aliingia jikoni mbio kama msichana, akafunga mlango. Nje alisikia sauti ya shemeji yake Opendi akiwakaribisha wageni, viti vikiburutwa, mzee mmoja wa Kiteso akisalimia kirefu. Halafu Joanita akaingia jikoni kupitia mlango wa nyuma, tumbo likimtangulia, akamshika mama yake mikono yote miwili.

Nje walikuwa wakimngojea mama mkwe atume neno la kwanza kupitia ukutani, kama ilivyo desturi. Aboth alikuwa amelitayarisha la kumkaribisha vizuri, la Kikristo. Likampotea.

"Mwambie," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, ili ukuta usikie, "mwambie huyo mtu, mbuzi yake ya kwa kitabu, miguu ya nyuma ni ya mbwa."

Joanita alifumba macho. Shemeji Opendi alikohoa. Mzee wa Kiteso akauliza kasemaje.

Kisha sauti changa, nzito kidogo kwa woga, ikajibu kutoka upande wa pili wa matofali.

"Mwambie mama, mimi najua. Ndiyo maana nimeleta huyu. Yeye aangalie pole pole, halafu afundishe mimi."

Aboth alivuta leso kichwani. Alikwenda kwenye dirisha la jikoni, akalifungua upana wa vidole viwili, akamtazama mbuzi. Mbuzi peke yake.

"Joanita," alisema, "niletee penseli."